Gramafoni ya babu nimeifufua, ila inavuma sindano ikikaribia katikati ya santuri. Tatizo ni nini?

#1 Santuri Moja
Wakuu habari. Nina Lenco L75 ya mwishoni mwa miaka ya 1960, nimeirithi kwa babu. Ilikaa stoo miaka mingi, grisi yote imekuwa kama gundi. Nimeifungua mwenyewe. Nimefuta grisi ya zamani, nimeweka oili mpya kwenye beringi ya sahani inayobeba santuri na kwenye mota, gurudumu la mpira linaloizungusha sahani nimelipitisha msasa laini, nimefunga katriji mpya (kile kifaa kinachoshika sindano) na waya mpya za sauti kutoka kwenye mkono hadi kwenye plagi. Inazunguka vizuri.

Shida ni hii. Nikiweka sindano mwanzo wa santuri kuko kimya kabisa. Kadiri mkono unavyosogea ndani, unaanza mvumo, unapanda taratibu, na kwenye wimbo wa mwisho nausikia wazi kila muziki ukinyamaza. Ni kwenye santuri zote, hata mpya.

Pia nimeshauriwa nitupe kasha la asili (sanduku linalobeba mashine) nijenge zito, na mkono nibadilishe. Hii ni mashine ya babu, sitaki kuitoboa ovyo. Nianzie wapi?

#2 Mpita Njia
Ngoja waje wataalamu. Naweka kambi hapa.

#3 Sahani Nzito
Karibu kwenye ugonjwa huu mzuri. Jibu langu ni kasha. Mashine za gurudumu la mpira zina mota yenye nguvu, na mtetemo wake unapita kwenye gurudumu, unaingia kwenye sahani, unafika kwenye sindano. Kasha la asili ni jepesi mno. Jenga la plaiwudi ya tabaka nyingi, gundisha mbao mpaka lifike kilo 20 na zaidi, ukimya utakuja wenyewe. Mimi nilifanya hivyo na sijarudi nyuma.

#4 Kipima Sauti
Sahani Nzito, umejibu swali ambalo hajauliza. Mleta uzi amesema *mvumo* na wewe umetibu *mngurumo*. Hivi ni vitu viwili, na tusipovitenganisha tutamfungulisha mashine mara kumi bure.

Mvumo ni wa umeme. Unatokana na sumaku ya mota, transfoma au waya wa ethi, na una noti moja isiyobadilika. Mngurumo ni wa mitambo, unatoka kwenye beringi, mota inayotetemeka au gurudumu lenye bonde. Kama umeme wako ni wa hezi 50 (mitetemo 50 kwa sekunde), mvumo wa sumaku au wa ethi utausikia kwenye 50, na unaotoka kwenye urekebishaji mbovu wa umeme ndani ya amplifaya utakuwa 100. Mota ya L75 ina poli nne (ncha nne za sumaku), kwa hiyo ingezunguka mara 1500 kwa dakika kama isingekuwa inateleza kidogo. Mtetemo wake unaangukia chini kidogo ya hezi 25. Spika nyingi haziwezi hata kuutoa huo kama sauti. Utauona tu kwenye koni ikipepea.

Santuri Moja, pakua programu yoyote ya simu inayoonyesha masafa, weka simu karibu na spika, utuambie kilele kiko wapi. Kabla ya hapo usishike bisibisi.

#5 Binti Solda
Nakazia #4. Halafu ukipata jibu, fanya jaribio hili. Mota ikiwa imewashwa, inua sindano isiguse kitu, pandisha sauti kiasi, kisha usogeze mkono kwa kidole kutoka nje kwenda ndani. Mvumo ukipanda bila sindano kugusa santuri, basi mitambo haina kosa. Sumaku ndiyo inaingia kwenye katriji.

Mota ya L75 imelala chini ya sahani, upande mwingine na ulipo mkono. Mkono ukiingia ndani, katriji inaisogelea mota. Ndiyo maana mwanzo wa santuri kuko kimya.

#6 Mzee Msasa
Mimi naona mnazunguka. Kuelekea katikati kila santuri inaharibika sauti, ni maumbile yake. Mfereji wa nje unapita chini ya sindano kwa kasi ya kama sentimita 50 kwa sekunde, wa ndani ni kama 21 tu. Mawimbi yanabanana, sindano inashindwa kuyafuata. Apange katriji upya kwa kutumia kipimo cha pembe.

#7 Kipima Sauti
Mzee, takwimu zako ni sahihi na ushauri wa kupanga katriji ni mzuri siku zote. Lakini mbanano wa mifereji unaleta mkwaruzo kwenye herufi za "s" na matoazi. Hauleti mvumo kwenye kimya kati ya nyimbo.

#8 Mzee Msasa
Hapo kwenye kimya kati ya nyimbo sikusoma vizuri. Nimekubali.

#9 Fundi Kimya
Je, sahani yenyewe? Nimesoma kwamba sahani ya chuma inavuta sumaku ya katriji, uzito wa sindano unaongezeka bila wewe kujua. Huenda ndiyo hiyo.

#10 Binti Solda
Hiyo ni Thorens TD 124, mkuu, yenye sahani ya chuma cha kusubu. Kule kweli katriji zenye sumaku kali zinavutwa chini, na watu hubadilisha sahani kwa sababu hiyo. Sahani ya L75 ina uzito wa karibu kilo 4 lakini ni aloi ya zinki, sumaku haishiki. Kwa maana nyingine hilo nalo lina ubaya wake, haizuii uga wa sumaku wa mota kupanda juu.

#11 Santuri Moja
Asanteni. Nimerudi na majibu.

Simu inaonyesha kilele kwenye 50. Kipo kingine kidogo kwenye 100. Jaribio la Binti Solda limefanyika, mvumo unapanda hata sindano ikiwa hewani. Nikafikiri tumemaliza. Halafu nikachomoa plagi ya gramafoni ukutani, nikaacha waya za sauti zimeingia kwenye amplifaya, nikasogeza mkono tena. Mvumo umepungua kama nusu, lakini bado upo na bado unapanda nikienda ndani. Mota haina umeme kabisa. Sasa hii inatoka wapi?

#12 Mpita Njia
Uzi umenoga.

#13 Sabini na Nane
Amplifaya yako iko upande gani wa gramafoni?

#14 Santuri Moja
Kushoto, zimegusana. Rafu ni ndogo.

#15 Sabini na Nane
Transfoma ya amplifaya ndiyo hiyo nusu iliyobaki. Katriji ikienda ndani inaelekea kushoto, inaikaribia. Peleka amplifaya kulia au rafu ya chini kabisa, urudie jaribio.

#16 Fundi Kimya
Au ni waya. Umesema umeweka waya mpya ndani ya mkono. Waya zikiwa ngumu, mkono ukizunguka zinajikunja pale kwenye egemeo, na kiungo kibovu cha ethi kinaachia kidogo kidogo. Nilipata hili kwenye mashine iliyopitia kwa fundi mmoja kabla yangu, alitumia waya mnene wa spika ndani ya mkono. Mkono haukuweza hata kufika mwisho wa santuri bila kurudishwa na waya.

#17 Binti Solda
Nakubali inawezekana. Santuri Moja, hakiki rangi pia. Nyekundu ni kulia na kijani ni marejeo yake, nyeupe ni kushoto na bluu ni marejeo yake. Pima kwa mita, kijani na bluu zisikutane popote kabla ya amplifaya, na bomba la mkono liwe na waya wake wa peke yake hadi kwenye skrubu ya ethi ya amplifaya. Ikiwa ethi ya ukutani ya gramafoni nayo inafika kwenye bomba hilo hilo, umetengeneza mzunguko wa ethi na utavuma hadi kesho.

Na tafadhali, usisolde moja kwa moja kwenye pini za katriji. Soldea vile vibanio vidogo vikiwa vimetolewa, ndipo uvivalishe. Nyaya za ndani ya katriji ni nyembamba kuliko unywele na joto linazikata. Nimepoteza katriji moja hivyo na bado inaniuma.

#18 Sahani Nzito
Naruhusiwa kurudi kwenye kasha?

#19 Kipima Sauti
Subiri kidogo mkuu, zamu yako inakuja.

#20 Mwenye Dual
Samahani kuingilia. Mimi nina Dual 1219, yangu inacheza vizuri ila mkono haurudi wenyewe mwisho wa santuri. Nifungue uzi mwingine?

#21 Mzee Msasa
Uliza hapa hapa. Toa sahani, geuza mashine, utaona nyenzo kuu ya mitambo ya kujirudisha. Pale juu ya pini yake kulikuwa na kipira kidogo kama punje, ambacho kinaoza na kudondoka. Bila hicho nyenzo inakosa cha kusukuma. Wengi wetu tunakata kipande cha ganda la waya chenye kipenyo kinachokaa vizuri, tunavika pale. Lakini kabla ya kipira, safisha grisi yote. Mara nyingi mitambo haijavunjika, imeganda tu. Usiilazimishe kwa mkono, sehemu zake ni za aloi inayokatika.

#22 Mwenye Dual
Nimekikosa kweli, kuna pini tupu. Asante sana mzee.

#23 Santuri Moja
Nimehamisha amplifaya hadi rafu ya chini kulia. Gramafoni ikiwa haina umeme, sasa kimya karibu chote. Ikiwa na umeme, mvumo upo bado lakini ni mdogo kuliko wa awali. Waya nimezipima, kijani na bluu hazikutani. Lakini nimegundua ethi ya ukutani na waya wa bomba la mkono zote zimefungwa kwenye bati la chini. Kwa hiyo wote mko sahihi?

#24 Sabini na Nane
Inawezekana sana. Mashine ya umri huu haivumi kwa sababu moja.

#25 Kipima Sauti
Katriji yako ni ya aina gani kwa muundo? Zipo za sumaku inayosogea zilizofunikwa kwa kikombe cha chuma chenye kuzuia uga, na zipo zisizo na kinga yoyote. Zisizo na kinga ni nzuri kwa sauti, ila juu ya mota kubwa kama hii zitavuma hata ufanye nini. Azima nyingine yenye kinga, ujaribu dakika tano tu. Kama mvumo utatoweka basi mota yako ni nzima, ndoa tu ndiyo haikufaa.

#26 Fundi Kimya
Bado nasema ni ethi. Mtu atenganishe waya wa bomba na bati la chini kwanza, ni kazi ya dakika kumi na haina gharama.

#27 Binti Solda
Fundi, tenganisha ndiyo, lakini ethi ya ukutani isikatwe kwenye bati. Bati linabeba mota ya umeme mkubwa iliyotengenezwa zaidi ya miaka 50 iliyopita. Anayetoka ni waya wa bomba, ethi ya usalama inabaki.

Na kwa kuwa tumefika kwenye usalama. Santuri Moja, umegusa ile kapasita ndogo kwenye swichi ya kuwashia? Kazi yake ni kumeza cheche unapozima. Zile za karatasi za zamani zinapasuka ganda, zinavuta unyevu, na siku moja zinatoa moshi mzito wenye harufu usiyoisahau. Weka mpya ya daraja la X2, thamani ileile iliyoandikwa kwenye ya zamani. Usiweke kapasita ya kawaida ya umeme wa moja kwa moja hata kama volti zake zinaonekana kubwa, haikujengwa kukaa kwenye umeme wa ukutani. Toa plagi kabisa kabla ya kufungua.

#28 Santuri Moja
Nimeangalia, ina nyufa tatu. Sikuwa najua. Nimezima kila kitu, naibadilisha kwanza ndipo tuendelee. Asante dada.

#29 Mzee Msasa
Wakati anasubiri kapasita: nani hapa anatumia oili gani? Mimi naweka ya cherehani kila mahali, miaka yote.

#30 Sahani Nzito
Ya cherehani ni nyepesi kwa beringi ya sahani ya kilo 4. Inakimbia, gololi inabaki kavu. Mimi natumia nzito zaidi isiyo na sabuni ya kusafishia injini.

#31 Mzee Msasa
Yangu haijakauka miaka 15.

#32 Kipima Sauti
Mnaongelea beringi mbili tofauti. Ya sahani inazunguka polepole na inabeba uzito, inapenda oili nzito kidogo. Za mota ni bushi za shaba zenye vitundu vidogo vilivyonyonya oili kiwandani. Zile hazitaki grisi kabisa, grisi inaziba vitundu. Na ukizilowesha kwenye kisafishio kikali umezinyang'anya oili yote, hutairudisha kwa tone moja juu. Inabidi zizamishwe kwenye oili ya joto mpaka mapovu yaishe.

#33 Sabini na Nane
Ongezea kasi. Santuri Moja, L75 haina kasi iliyofungwa, gurudumu linateleza juu ya mhimili wa mota wenye umbo la koni, kwa hiyo unaweza kupata kasi yoyote na ni rahisi kukosea. Chapisha duara la mistari ya kupimia. Kwa umeme wa hezi 50, kasi ya 33⅓ ni mistari 180. Kwa hezi 60 ni 216. Taa inawaka na kufifia mara mbili kwa kila mzunguko wa umeme, mistari ikionekana imesimama basi kasi iko sawa.

Mimi niliwahi kuchapisha lile la 216 nikiwa kwenye hezi 50. Mistari ilisimama kama imepigwa misumari, nikafurahi. Miezi miwili nilisikiliza waimbaji wote wakiwa na sauti nzito. Nilipopiga hesabu, sahani ilikuwa inazunguka chini ya 28 kwa dakika.

#34 Mwenye Dual
Mimi yangu haisimami hata kidogo, ni ukungu tu.

#35 Sabini na Nane
Unatumia taa ya LED? Nyingi hazififii vya kutosha, umeme wake umesawazishwa ndani. Tafuta taa ndogo ya neoni au balbu ya waya.

#36 Santuri Moja
Nimerudi. Kapasita mpya imeingia. Waya wa bomba nimeutoa kwenye bati, sasa unaenda peke yake hadi amplifaya, ethi ya ukutani imebaki kwenye bati. Na nimeazima katriji yenye kikombe cha chuma.

Na katriji ya kuazima: mvumo umekwisha, hata wimbo wa mwisho. Nikarudisha yangu: mvumo umerudi, mdogo kuliko wa siku ya kwanza. Lakini kimya kilipokuja nikaanza kuona kitu kingine. Koni za spika zinapepea. Simu inaonyesha uvimbe mdogo kwenye 24.

#37 Sahani Nzito
Hapo sasa! Hiyo 24 ni mota. Kasha.

#38 Kipima Sauti
Zamu yako imefika, na safari hii una hoja. Ila mota ya L75 inaning'inia kwenye springi. Springi moja ikilegea au mota ikigusa bati, kasha la kilo 20 litabeba mtetemo uleule kwa heshima tu. Kagua springi kwanza. Gurudumu la mpira likiwa na bonde kwa kukaa limebanwa miaka mingi, nalo litapiga, ila litapiga kwa mdundo wake lenyewe.

#39 Fundi Kimya
Na kupepea huko kuna aina mbili. Hesabu. Koni ikienda na kurudi mara moja kila sekunde 1.8, huo ni mzunguko wa sahani, santuri imepinda. Ikitetemeka kwa haraka kama hezi 8 hadi 12, ni mkono na katriji vinavyodunda pamoja, kila mkono una noti yake hiyo. Ikiwa chini ya 8, uzito wa mkono ni mkubwa kwa ulaini wa katriji yako.

#40 Binti Solda
Msisahau vile vipande viwili vyenye umbo la V ambavyo visu vya mkono wa L75, yaani makali unayoegemea, hukalia. Vya asili vinamomonyoka. Santuri Moja, shika mkono kwa upole kwenye egemeo, je unacheza?

#41 Santuri Moja
Unacheza kidogo. Na nimekuta unga mweusi chini yake.

#42 Mzee Msasa
Vimekwisha hivyo. Weka vya nailoni ngumu.

#43 Sahani Nzito
Vya shaba. Kisu kinataka mahali pagumu.

#44 Binti Solda
Waliobuni waliweka laini kwa makusudi ili mtetemo ufie pale. Ukiweka shaba mkono unalia kama kengele. Mimi nilijaribu vyote viwili kwenye mashine moja, nikarudi kwenye laini.

#45 Sahani Nzito
Na mimi nilijaribu vyote viwili nikabaki na shaba. Besi ilikaza.

#46 Kipima Sauti
Hapa hamtakubaliana, nimewaona mkibishana hili kwenye nyuzi nyingine.

#47 Santuri Moja
Nitanunua laini kwanza kwa sababu ndivyo babu alivyoisikia. Springi nitakagua Jumamosi. Kasha la asili linabaki. Kama nitajenga zito, nitajenga la pembeni, mitambo inaingia na kutoka bila kutoboa kitu.

#48 Sahani Nzito
Hilo naliheshimu. Ukiwa tayari nitakupa vipimo vyangu vyote.

#49 Mwenye Dual
Kipande cha ganda la waya kimekaa, mkono umerudi wenyewe leo asubuhi! Nimecheza upande mmoja mara nne nikiutazama tu. Swali dogo la mwisho. Nina santuri za kasi 78 za bibi zenye ukungu, nizisafishe kwa spiriti kama nilivyosafisha sahani?

#50 Sabini na Nane
USIFANYE HIVYO. Zile ni za shelaki, na spiriti inayeyusha shelaki, utafuta muziki pamoja na uchafu. Maji yaliyochujwa na tone la sabuni laini, futa kwa kufuata mfereji, kausha upesi, maji yasiguse lebo. Na usizicheze kwa sindano ya santuri za kawaida, mfereji wake ni mpana zaidi ya mara mbili. Zinataka sindano yenye ncha ya kama mikroni 75. Una ngapi, na zimeandikwa nini kwenye lebo?